-Nge- na -Ngali- katika Maandishi ya Mrima

Katika sarufi ya Kiswahili, kauli ya masharti yasiyotimia, yaani usemi unaotaja jambo ambalo lingetokea kama jingine lingetangulia, hujengwa kwa viambishi viwili vikuu, -nge- na -ngali-, ambavyo hukaa kati ya kiambishi cha nafsi na mzizi wa kitenzi, na ambavyo kwa kawaida hutokea mara mbili katika sentensi moja, kwanza katika kishazi cha sharti na tena katika kishazi cha tokeo. Mwanafunzi wa Bagamoyo, sawa na mwenzake wa Kigoma au wa Kisumu, hufundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linaweza kutokea, kwamba -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita na haliwezi kurekebishwa, na kwamba ni kosa kuvichanganya viwili hivyo katika sentensi moja. Kanuni hii hutolewa darasani kana kwamba ina umri wa lugha yenyewe. Historia ya maandishi ya pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam yaonyesha kwamba sehemu yake moja ina mizizi katika usemi wa wenyeji, na sehemu nyingine ilinyooshwa mezani, na watu ambao Kiswahili hakikuwa lugha yao ya kwanza, katika kipindi kisichofika miaka 80.

Pwani hiyo ndiyo inayoitwa Mrima, yaani ukanda wa bara unaokabiliana na visiwa vya Unguja na Pemba, ambao kutoka Tanga huteremka kwa Mtang'ata, Pangani, Saadani na Winde hadi Bagamoyo, Kunduchi na kusini yake. Lahaja yake, Kimrima, yaani namna ya kusema iliyo ya watu wa eneo hilo ndani ya lugha moja pana, ilikaribiana sana na Kiunguja, kwa kuwa mlangobahari unaotenganisha bara na kisiwa ni mwembamba, na majahazi yaliuvuka kila siku yakibeba watu, nafaka na mashitaka ya kupelekwa mbele ya Sultani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho mkuu wa njia ya misafara iliyotoka Unyamwezi na Ujiji, na maelfu ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliingia mjini kila msimu wakiwa na pembe za ndovu, wakakaa kungojea mizigo ya kurudi nayo bara. Walikutana huko na Washomvi, Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua, pamoja na Waarabu wa Oman, Wabaluchi na Wahindi, na lugha waliyojibizana nayo wote ilikuwa Kiswahili. Jambo hilo lina uzito katika habari hii, kwa sababu Kiswahili kilichofika Tabora na Ujiji kilipandia Bagamoyo na bandari jirani, kwa miguu, hata kama baadaye sifa ya kukisambaza ilipewa Unguja peke yake.

Maandishi ya mji huo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Wafanyabiashara waliandikiana barua za hesabu na madai, makadhi waliandika hati, na walimu wa vyuo vya Kurani waliandika tungo na maombi, nao baadhi yao walikuja kujulikana mbali na mji, kama Shehe Yahya bin Abdallah, aliyeitwa Shehe Ramiya, kiongozi wa tarika ya Kadiria aliyefariki mwaka 1931. Hati ya Kiarabu ina alama tatu tu za irabu fupi, ambazo huwekwa juu au chini ya konsonanti, nazo zilitengenezwa kwa lugha isiyotofautisha e na i, wala o na u, kwa namna Kiswahili kinavyozitofautisha. Zaidi ya hayo, mwandishi aliyekuwa na haraka aliweza kuziacha alama hizo kabisa, akimtegemea msomaji kujua kinachosemwa. Pale alipoziacha, -ngali- na -ngeli-, umbo jingine lake linalosikika pwani, ziliandikwa kwa herufi zile zile, na jicho halikuweza kuzitenga. Msomaji wa Pangani aliweza kutamka a na msomaji wa Unguja akatamka e, kila mmoja akiamini kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Kwa hiyo swali la ipi kati ya mbili hizo ni sahihi halikuweza hata kuulizwa kwenye karatasi ya namna hiyo. Lilingoja hati ya Kilatini, ambayo humlazimisha mwandishi kuchagua irabu kila anapoweka kalamu.

Inafaa pia kutazama ni maandishi ya aina gani yaliyohitaji viambishi hivi. Mapatano kati ya mwenye msafara na wapagazi wake, au kati ya mdai na mdaiwa, hutaja masharti mengi, lakini ni masharti yanayongojewa kutimia: mpagazi akitoroka njiani, mshahara wake utakatwa, mdaiwa asipolipa kabla ya msimu, shamba lake litashikwa. Hapo kiambishi cha kazi ni -ki-, na kinyume chake -sipo-, wala hakuna nafasi ya -nge-. Kitabu cha desturi nacho, kwa kuwa kinaeleza mambo yanayorudiwa kila mwaka na kila harusi, hutembea juu ya hu- na -ki-. Mahali pa -nge- na -ngali- palikuwa penye majuto, lawama na utetezi, yaani katika barua ya kujieleza, katika baraza la liwali na mbele ya kadhi, ambako mtu husema kwamba angalijua mali ile ni ya wizi asingaliinunua, au kwamba msafara ungaliondoka mapema ungaliuvuka mto Kingani kabla ya maji kujaa. Hata methali inayosema kwamba majuto huja baada ya tendo husikika pwani kwa sura zaidi ya moja, wengine wakitamka ningejua, wengine ningalijua na wengine ningelijua, bila yeyote kumsahihisha mwenzake.

Watu wa kwanza kukisaka Kiswahili kwa ajili ya kukiandika kwa herufi za Kilatini walikuwa wamisionari, na kila kundi lilisikiliza mahali lilipotua. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijenga sarufi yake ya mwaka 1850 na kamusi yake ya mwaka 1882 juu ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyokuwa ya Kanisa la Anglikana, alifika Unguja mwaka 1864 na mwaka 1870 akatoa kitabu cha mafunzo ya lugha kama inavyosemwa Unguja, ambacho kiliendelea kupigwa chapa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 1882. Ni Steere aliyewapa wasomaji wa Ulaya mgawanyo ulio wazi, kwamba -nge- ni masharti ya wakati uliopo na -ngali- ni masharti ya wakati uliopita. Mgawanyo huo haukuwa wa kubuni, kwani ndani ya -ngali- mna -li-, ambayo ndiyo alama ya wakati uliopita katika alikuja na ambayo pia ni mzizi wa kale wa kitenzi cha kuwa. Lakini ulilingana mno na jinsi Kiingereza na Kilatini zinavyogawa vitenzi vyao vya masharti, na ni vigumu kuamini kwamba ulinganifu huo haukumsaidia kuupanga sawasawa kuliko alivyousikia sokoni. Msemaji wa pwani alikuwa na njia nyingine pia ya kuonyesha kwamba jambo limepita, yaani kuongeza kitenzi cha kuwa na kusema ningekuwa nimefika, na njia hiyo haihitaji -ngali- hata kidogo.

Bagamoyo yenyewe ilipata wanasarufi wake kupitia Shirika la Roho Mtakatifu, mapadri Wafaransa waliotoka Zanzibar na kufungua misheni hapo mwaka 1868 wakiongozwa na Padri Anton Horner. Mwenye mchango mkubwa kati yao katika lugha ni Charles Sacleux, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1879 na kuhudumu huko hadi mwaka 1898, akikusanya mimea kwa ajili ya elimu ya mimea na maneno kwa ajili ya kamusi, na kwa bidii ile ile. Kamusi yake ya Kifaransa kwa Kiswahili ilichapwa Zanzibar mwaka 1891, na mwaka 1909 alitoa Paris vitabu viwili, kimoja cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha sarufi ya lahaja zake. Tofauti yake na Steere ni ya msingi. Steere alitafuta lugha moja ambayo mmisionari angeweza kujifunza na kuhubiri nayo. Sacleux alitaka kujua nani anasema nini na wapi, hivyo katika kazi yake Kimrima kina nafasi yake chenyewe kando ya Kiunguja, Kimvita, Kiamu na nyinginezo. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyotoka Paris kwa sehemu mbili mwaka 1939 na 1941, hadi leo ndiyo ghala bora la lahaja za pwani. Ilitoka, hata hivyo, katika lugha ambayo serikali za Afrika Mashariki hazikuitumia, vita vikiwa vimeanza Ulaya, na mwaka ule ule wa 1939 kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza ya Frederick Johnson ilikuwa imekwisha kuchukua mahali pote ambapo kamusi ingewekwa.

Kati ya Sacleux na Johnson walikaa Wajerumani. Baada ya upinzani wa mwaka 1888 na 1889, ulioongozwa na Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, na Bwana Heri wa Saadani, utawala wao uliwekwa kwanza Bagamoyo, kisha mwaka 1891 ukahamishiwa Dar es Salaam. Uliamua kuongoza nchi kwa Kiswahili, na ukahitaji maakida, makarani na walimu wanaokiandika kwa Kilatini. Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin, kilichofunguliwa mwaka 1887, kiliajiri wenyeji wa pwani kuwafundisha maofisa kabla ya kusafiri, na mmoja wao alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa karibu na Bagamoyo, mahali paitwapo Dunda, mnamo mwaka 1869, na aliyefika Berlin mwaka 1900. Habari zake za safari za Udoe na Uzigua zilitoka katika mkusanyiko wa mwaka 1901, na kitabu kikuu cha desturi za Waswahili ambacho yeye ndiye mwandishi wake kilichapwa Göttingen mwaka 1903. Jina lililotangulia kwenye jalada lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani aliyekihariri. Mtoro mwenyewe, alipotaka kurudi nyumbani mwaka 1905 pamoja na mke wake Mjerumani, alizuiwa na serikali, akarudi Ujerumani na kufariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilirudishwa kwenye jalada katika tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J.W.T. Allen na kuchapwa mwaka 1981.

Kitabu cha Mtoro ni nathari ndefu ya mtu wa Mrima, iliyoandikwa kabla ya kuwako kamati yoyote ya lugha, na kwa sababu hiyo kingepaswa kuwa shahidi wa kwanza kuitwa kila linapoulizwa swali la usahihi. Hakikuitwa. Tahajia ya jina la kitabu tu, lenye Wasuaheli, khabari na sheri'a, yaonyesha mkono wa mtaalamu wa Berlin ukipita juu ya mkono wa mwandishi, na wasomaji waliokishika kwa nusu karne ya kwanza walikuwa zaidi wanafunzi wa Kizungu waliokitumia kama zoezi. Mrima ilikuwa imetoa mwandishi wake, lakini uamuzi wa jinsi ya kuandika ulikuwa umetoka mikononi mwake, na haukurudi Waingereza walipochukua nchi.

Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam ulikubaliana kwamba shule zinahitaji Kiswahili cha namna moja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa, ambao mwanaisimu Carl Meinhof wa Hamburg alihudhuria, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wake, kinyume cha matakwa ya wale waliokitetea Kimvita kwa hoja ya utajiri wa ushairi wake. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, katibu wake wa kwanza akiwa Johnson. Usanifishaji, yaani kazi ya kuchagua umbo moja kati ya mengi na kulifanya kipimo cha wote, ulitendeka hasa kupitia kibali: kitabu cha shule kilipelekwa kwa Kamati, kikasahihishwa, na kikiridhiwa kilipewa idhini ya kuchapwa. Miaka ya mwanzo Kamati haikuwa na wajumbe Waafrika. Kuhusu Kimrima hapakuwa na mjadala mkubwa, kwa sababu kilikaribiana na Kiunguja kiasi kwamba hakikuonekana kuwa mpinzani. Mombasa ilishindwa baada ya kusikilizwa, Bagamoyo haikufika hata kwenye shauri.

Kamati haikulazimika kutunga kanuni ya -nge- na -ngali-, kwani iliikuta tayari katika vitabu vya Steere na vya A.C. Madan aliyemfuata. Ilichofanya ni kuigeuza kutoka maelezo kuwa sheria. Steere alikuwa amewaeleza wageni jinsi wenyeji wanavyosema, lakini msahihishaji wa miaka ya 1930 alikuwa akiwaeleza wenyeji jinsi wanavyopaswa kuandika, na sarufi ya G.W. Broomfield ya mwaka 1931, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili, ni alama ya mgeuko huo. E.O. Ashton alipotoa sarufi yake mwaka 1944, ambayo ilitegemewa na vyuo kwa miongo mingi, mfumo ulikuwa umekamilika. Mwaka 1956 Wilfred Whiteley, akiwa katika kazi ya Kamati iliyokuwa imehamia Makerere, alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata kama lahaja ya pwani ya Mrima, na kwa hivyo chombo kile kile kilichosanifisha lugha kikaanza kurekodi kilichokuwa kimeachwa nje. Uchunguzi huo ulisomwa na wanaisimu. Walimu wa shule za msingi za Pangani waliendelea na vitabu vilivyokuwa na idhini. Mwaka 1964 urithi wa Kamati ulihamia Dar es Salaam na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lakini kanuni ya masharti ilipita katika mabadiliko yote hayo bila kuguswa.

Ikipimwa kwa historia hii, kanuni hiyo si kitu kimoja. Sharti la ulinganifu, kwamba kiambishi kilicho katika kishazi cha kwanza kirudi katika cha pili, lina nguvu, kwa kuwa humwonyesha msomaji mara moja kwamba vishazi viwili ni mzani mmoja, na mwandishi anayeandika angefika mapema tungaliondoka humfanya msomaji asimame kutafuta tofauti ya wakati ambayo haikukusudiwa. Mgawanyo wa wakati ni dhaifu zaidi. Katika usemi wa leo wa Bagamoyo na Dar es Salaam -nge- hubeba yaliyopo na yaliyopita, na -ngali- imekuwa zaidi alama ya maandishi na ya usemi wenye uzito, hali ambayo haimzuii yeyote kuelewana na mwenzake. Ukanushi nao una njia mbili, nisingejua na singejua, na zote mbili zimo katika vitabu vya sarufi, ingawa darasani ya kwanza ndiyo hupendelewa kwa sababu -si- hukaa mahali pamoja katika nafsi zote.

Linalobaki ni -ngeli-, ambayo katika vitabu vingi vya shule vya Kenya hutajwa sambamba na -ngali-, na ambayo katika shule za Tanzania mara nyingi hupigwa mstari mwekundu. Kimuundo haina kasoro ambayo -ngali- haina: ikiwa -ngali- ni -nga- na -li-, ambapo -nga- ni ile iliyomo katika ingawa, basi -ngeli- ni -nge- na -li-, na mantiki yake ni ile ile. Kilichoitenga ni kwamba hati ya kwanza kulazimisha tofauti yake iandikwe ilishikwa na watu waliokuwa wamekwisha kuchagua a. Neno kama, linalotangulizwa mbele ya ningejua, ni jambo jingine. Huko kiambishi chenyewe kimekwisha kutaja sharti, na mhariri anayeliondoa huifupisha sentensi bila kuipunguzia kitu, lakini hasahihishi kosa. Mtahini anayemkata alama mtoto wa Mrima kwa kuandika ningelijua katika vishazi vyote viwili anatetea uamuzi wa karani, na maksi hiyo inastahili kurudishwa.